Maji ya uzazi yamepungua: kabla ya kuyaongeza, tafuta yamekwenda wapi

*Shikamoo daktari. Nina miaka 27, hii ni mimba yangu ya pili, wiki ya 32. Wiki iliyopita mkunga alipima tumbo kliniki akasema kimo cha mimba ni sentimita 28, akaniandikia nikapige ultrasaundi. Ripoti imeandikwa AFI 4.6. Aliyenipima aliniambia tu kwamba maji ya uzazi ni machache, nikanywe maji mengi. Tangu siku hiyo nakunywa lita tano kwa siku mpaka natapika. Mama mkwe anasema mtoto ndiye anayeyanywa, jirani anasema niongezewe dripu, wengine wananitisha kuwa nitajifungua kukavu na lazima nipasuliwe. Presha mara zote ilikuwa 110/70, juzi ilikuwa 130/85 wakasema ni kawaida. Sina tatizo lingine, ila jino linanisumbua tangu mwezi uliopita natumia dawa za maumivu za duka la dawa, na mara mbili tatu nimekuta nguo ya ndani imelowa, nikajua ni mkojo maana tumbo limeshakuwa kubwa. Mtoto anacheza ila siku hizi mbili naona amepoa. Naomba unisaidie, usingizi sina.*

Marahaba, dada. Nitakujibu yote uliyouliza, lakini naanza na lile ulilolitaja mwishoni. Mtoto aliyepoa kwa siku mbili, kwenye mimba ambayo maji yameshaonekana machache, ni sababu ya kwenda hospitali leo. Usisubiri kesho asubuhi wala siku yako ya kliniki. Inawezekana kabisa wakamkuta mzima anapiga mateke, ukarudi nyumbani. Afadhali uende bure mara kumi kuliko kukosa mara moja iliyohitajika.

Nenda hospitali ambayo ina chumba cha upasuaji na inalaza watoto njiti, yaani ya wilaya iliyojitosheleza au ya rufaa ya mkoa. Zahanati haitaweza kukupima vinavyotakiwa. Beba kadi ya kliniki, ripoti ya ultrasaundi pamoja na picha zake, na maboksi ya hizo dawa za jino, hata kama yamebaki matupu. Ukifika mapokezi sema hivi: "Nina mimba ya wiki 32, maji ni machache, na mtoto amepunguza kucheza." Ukisema umekuja kuangaliwa maji, unaweza kukalishwa kwenye foleni hadi mchana. Hayo mengine utayasoma ukiwa njiani.

Kinachokunyima usingizi, kwa ninavyokuelewa, ni kwamba umeambiwa maji ni machache, hukuambiwa kwa nini, ukabebeshwa kazi ya kuyajaza mwenyewe. Sasa unakunywa mpaka unatapika, na kila ukitapika unaona umeshindwa kumsaidia mwanao. Hujashindwa kitu. Maji ya uzazi si tangi ambalo mama hulijaza kwa kikombe. Tukikuta yamepungua tunalichukulia jambo hilo kama taarifa kutoka kwa mtoto, na kazi yetu ni kutafuta taarifa hiyo inasema nini.

Mwanzoni kabisa mwa mimba maji hayo hutoka zaidi kwenye mwili wa mama. Figo za mtoto zikishashika kazi mambo yanabadilika: kuanzia takriban wiki ya 16 sehemu kubwa ya maji ya uzazi ni mkojo wa mtoto mwenyewe, yakichanganyika na majimaji yanayotoka kwenye mapafu yake. Usikunje uso. Mkojo huo haujabeba taka kama wetu, kwa kuwa taka zake husafishwa na kondo la nyuma na kuingia kwenye damu yako. Mtoto huyameza maji hayo, yakapita kwenye utumbo, yakaingia kwenye damu, kisha figo zikayatoa tena. Mimba ikikaribia kutimia hukojoa zaidi ya nusu lita kwa siku, na kumeza anameza vilevile. Maji huwa mengi zaidi kati ya wiki ya 34 na ya 36, kiasi cha mililita 800 hadi lita moja, halafu hupungua taratibu kuelekea siku za kujifungua.

Kwa hiyo mama mkwe ameona nusu ya jambo. Mtoto kweli anayanywa, na tunamtaka ayanywe. Asiyeweza kumeza ndiye ambaye maji yake hujaa kupita kiasi. Anachokosa mama mkwe ni ile nusu ya pili, kwamba mtoto alichokunywa anatakiwa akirudishe. Maji yakipungua, ama kuna mahali yanavuja, ama mtoto anakojoa kidogo.

Hiyo AFI 4.6, yaani kipimo cha maji ya uzazi kwa sentimita, imepatikanaje? Mpimaji hugawa tumbo lako sehemu nne, kitovu chako kikiwa katikati. Katika kila sehemu hutafuta mfuko mkubwa wa maji ambao haujajaa kamba ya kitovu wala mkono wa mtoto, akapima kina chake kutoka juu kwenda chini, kisha akajumlisha vina vinne. Jumla ya sentimita 5 hadi 24 au 25 huhesabiwa kuwa ya kawaida, na chini ya 5 ni pungufu. Njia nyingine ni kupima mfuko mmoja tu, ule wenye kina kuliko yote; ukiwa chini ya sentimita 2, maji ni machache. Tafiti zilizolinganisha njia hizi mbili zimeonyesha kuwa ile ya kujumlisha huwaingiza wanawake wengi zaidi kwenye orodha ya "maji machache" na kuwaanzishia uchungu, bila watoto wao kufaidika zaidi. Namba hiyo pia hubadilika kufuatana na mpimaji, jinsi mtoto alivyolala, na hata jinsi mpimaji alivyokandamiza tumbo. Omba upimwe tena, na wakuandikie kina cha mfuko mkubwa kuliko yote. Lakini usiipuuze hii ya kwanza, kwa kuwa haiko peke yake: kimo cha mimba nacho kiko nyuma. Kuanzia wiki ya 24 hivi, kimo kwa sentimita hukaribiana na idadi ya wiki, na pengo la sentimita 3 au zaidi linatosha kumpeleka mama kwenye ultrasaundi. Lako ni 4. Mkunga wako alifanya kazi nzuri.

Sasa nirudi kwenye barua yako, maana majibu mengi uliyaandika mwenyewe bila kujua.

Umesema huna tatizo lingine, ukataja jino. Dawa zinazouzwa sana kwa maumivu ya jino ni diclofenac na ibuprofen, na vipo vidonge vinavyochanganya diclofenac na paracetamol ndani ya kidonge kimoja, hivyo mtu anaamini anameza paracetamol tu. Soma maandishi madogo kwenye boksi. Dawa za kundi hili hupunguza damu inayokwenda kwenye figo za mtoto, naye hukojoa kidogo. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba zisitumike kuanzia wiki ya 20 ya mimba kwa sababu hiyohiyo ya figo na kupungua kwa maji, isipokuwa daktari aone kuna ulazima. Kwenye wiki zako pia zinaweza kuanza kufunga mapema mshipa mkubwa ulio karibu na moyo wa mtoto, ambao unatakiwa ubaki wazi hadi azaliwe. Kama ndizo unazomeza, ziache leo. Habari njema ni kwamba mara nyingi, ingawa si kila mara, maji hurudi ndani ya siku chache baada ya kuziacha. Wewe hukufanya kosa. Dawa hizi zinauzwa dirishani bila mtu kukuuliza una mimba ya miezi mingapi. Kwa maumivu tumia paracetamol tupu kwa kipimo kilichoandikwa, na jino likatibiwe. Mjamzito anaruhusiwa kuchomwa sindano ya ganzi na kung'olewa jino, akiwa na mimba ya umri wowote. Jino bovu likiachwa linaoza kwa miezi ndilo linalowafanya akina mama wameze vidonge kila siku.

Niwaambie na wengine wanaosoma: dawa za presha kama enalapril, captopril, lisinopril na losartan nazo huziumiza figo za mtoto na kukausha maji. Ukiwa unazitumia na umegundua una mimba, usiziache kimyakimya; nenda ubadilishiwe, kwani zipo zinazofaa kama methyldopa na nifedipine. Na ile aspirini ya kipimo kidogo ambayo daktari amekuandikia kuzuia kifafa cha mimba haimo kwenye onyo hili. Endelea nayo.

La pili ni nguo ya ndani kulowa. Huenda ni mkojo kweli, wajawazito wengi huvuja wakikohoa au kucheka. Huenda pia ni utando wa chupa umepata tundu dogo juu, maji yanadondoka kidogo kidogo bila ule mmwagiko ambao watu wameuzoea kwenye masimulizi. Vaa pedi nyeupe safi uangalie. Mkojo una harufu yake unayoijua, na ute wa kawaida ni mzito. Maji ya uzazi ni mepesi, hayazuiliki ukijibana, na mara nyingi hushuka zaidi unapoinuka baada ya kulala. Hata hivyo pedi haitoi hukumu. Hospitali watakulaza, wafungue njia kwa kifaa kisafi kilichochemshwa, wakuambie ukohoe, watazame kama maji yanatuama ndani. Mpaka hilo lifanyike usikutane na mume, usijioshe ndani, usiweke kitu chochote, na kama mtu anataka kukupima kwa kidole wakati huna uchungu, muulize kwanza kwa heshima kama ni lazima, kwa sababu kila kidole kinaweza kupandisha wadudu juu.

Ikithibitika chupa imepasuka, utalazwa. Utapewa antibayotiki, na ambayo Shirika la Afya Duniani linaipendekeza kwa hali hii ni erythromycin. Usijinunulie yoyote dukani; co-amoxiclav, inayopendwa sana, haishauriwi hapa kwa kuwa imehusishwa na ugonjwa mbaya wa utumbo kwa watoto njiti. Utachomwa pia sindano za dexamethasone za kukomaza mapafu ya mtoto. Sindano hizi zina ushahidi wa huku kwetu: utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2020, Kenya ikiwa mojawapo ya nchi tano zilizoshiriki, ulionyesha zinapunguza vifo vya watoto wanaozaliwa kabla ya wakati. Baada ya hapo ni kusubiri kwa macho mawili. Homa, maji yenye harufu mbaya, tumbo kuuma ukiguswa, au moyo wa mtoto kwenda mbio humaanisha maambukizi, na hapo mtoto hutolewa bila kujali ni wiki ya ngapi.

La tatu ni presha, na hili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi likichanganyika na kimo kidogo. 130/85 haijafika 140/90, kwa hiyo waliokuambia ni kawaida hawakukudanganya. Lakini imepanda kutoka 110/70 yako ya siku zote. Mishipa ya kondo la nyuma ikiwa haipitishi damu vizuri, mtoto hufanya uamuzi wa busara: damu kidogo anayopata anaielekeza kwenye ubongo na moyo, figo zinabaki na makombo. Mkojo unapungua, maji yanapungua, mtoto hakui inavyotakiwa. Presha ya mama inaweza kufuata baadaye. Kwa hiyo wapimwe wote wawili. Wewe upimwe presha upya na mkojo wako uangaliwe kama una protini. Mtoto apimwe ukubwa kwa ultrasaundi, na mahali penye Dopla waangalie jinsi damu inavyopita kwenye kamba ya kitovu, kisha awekewe mashine ya kufuatilia mapigo ya moyo. Ukipata kichwa kinachogonga hakiachi, macho kuona vimulimuli, au maumivu chini ya mbavu za kulia, usingoje hata saa moja.

Wakati huohuo mpimaji atazame figo na kibofu cha mtoto. Kasoro za figo au njia ya mkojo zipo, na zile kali kwa kawaida hujionyesha mapema, maji yakakosekana tangu mwezi wa nne au wa tano. Huo ndio upungufu mbaya kuliko wote, kwa sababu mapafu huhitaji maji ili yajijenge, hasa kabla ya wiki ya 24. Kama ulipiga ultrasaundi miezi ile na maji yalikuwa ya kutosha, huo ni mzigo mmoja unaoweza kuutua. Kumwona mtoto kibofu kinajaa na kumwagika pia ni faraja kubwa.

Sasa niliseme lile la maji ya kunywa. Ushauri uliopewa si wa uongo, ila ni robo ya ushauri. Tafiti zinaonyesha kwamba mama mwenye maji pungufu akinywa lita mbili za maji, kipimo kinapanda. Maji yanalegeza kidogo damu yako, mengine yanavuka kondo kwenda kwa mtoto, naye anakojoa zaidi. Lakini kupanda huko ni kwa muda, na haijathibitika kwamba kunabadilisha afya ya mtoto anapozaliwa. Hakuzibi chupa iliyotoboka wala hakurekebishi kondo. Kunywa lita mbili hadi tatu kwa siku, kidogo kidogo tangu asubuhi, ukihesabu humo uji, supu na madafu. Kama mkojo wako una rangi ya njano hafifu, umetosheka. Lita tano hazimpi mtoto chochote cha ziada, zinakutapisha na zinaweza kushusha chumvi ya damu yako hadi ukachanganyikiwa. Na presha ikithibitika imepanda, kiasi cha maji apange daktari. Dripu ya chumvi anayoisifu jirani haikuonyesha kuongeza maji ya uzazi ilipopimwa. Ina kazi yake kwa mama aliyeharisha, anayetapika asiweze kushika kitu, au aliyekaukiwa na homa. Kama tumbo lako linashika maji, usitoe pesa yako huko.

Pumzika kwa kulalia ubavu, wa kushoto ukiweza, badala ya chali. Kulala kitandani siku nzima sikushauri, damu huganda miguuni na mtoto hafaidiki.

Kuhusu kujifungua. Hakuna kujifungua kukavu. Njia ya uzazi ina ute wake, na kila chupa ikipasuka wakati wa uchungu maji hutoka, bado akina mama wanajifungua. Tatizo la kweli la maji machache wakati wa uchungu ni kwamba kamba ya kitovu haina nafasi, ikibanwa mapigo ya mtoto yanashuka. Ndiyo maana nasisitiza ujifungulie mahali ambapo mapigo yatasikilizwa kila mara na upasuaji unaweza kufanyika usiku wa manane. Ukiwa hapo, na mtoto ametanguliza kichwa, kujifungua kawaida kunawezekana, hata kwa kuanzishiwa uchungu. Upasuaji utafanyika mtoto akichoka, akitanguliza makalio (jambo linalotokea zaidi maji yakiwa machache, kwa kuwa hapati nafasi ya kugeuka), au Dopla ikionyesha hataweza kuhimili uchungu.

Lini? Kama kila kitu kingine ni kizuri na maji pekee ndiyo pungufu, wataalamu wengi huzalisha kati ya wiki ya 36 na ya 37 na siku chache. Kama maji yatarudi baada ya kuacha dawa, mnaweza kwenda hadi mimba itimie. Kama ni kondo, hakuna tarehe ninayoweza kukupa kutoka hapa; itategemea vipimo vitakavyorudiwa mara moja au mbili kwa wiki, na huenda ukaambiwa mtoto ana usalama zaidi nje kuliko ndani hata kabla ya wiki ya 34. Likikufika hilo, kubali. Mtoto wa wiki 32 au 33 aliyechomewa dexamethasone, akazaliwa penye wodi ya njiti, akafungwa kifuani mwa mama yake kwa mtindo wa kangaruu, ana nafasi nzuri ya kuishi na kukua.

Wakikuruhusu kurudi nyumbani, kila siku baada ya chakula lala kwa ubavu mahali patulivu, mkono tumboni, simu mbali, uhesabu mtoto anavyocheza. Zisipofika mara kumi ndani ya saa mbili, au zikifika lakini wewe uliyemzoea unaona sivyo anavyofanyaga, rudi hospitali wakati huohuo. Asikuzuie mtu kwa kusema mimba ikikua mtoto hupunguza kucheza. Aina ya mchezo hubadilika, anasukuma zaidi ya kurusha mateke, lakini hatakiwi kupoa.

Nadhani utajiuliza pia kuhusu mimba ijayo. Ikiwa chanzo kilikuwa dawa ya jino, hakuna sababu ya tatizo kurudi. Ikiwa ni kondo au presha, linaweza kujirudia, kwa hiyo uombe wakuandikie chanzo kwenye karatasi ya ruhusa, na ukishika mimba nyingine ufike kliniki mapema na karatasi hiyo. Aspirini ya kipimo kidogo hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa kabla ya wiki ya 16, na kina mama wengi wanaoihitaji hufika kliniki muda huo ukiwa umeshapita.